Nyambizi U-852: safari moja, kutoka Kiel hadi mwamba wa Bandar Beyla

Tarehe 3 Mei 1944, kwenye pwani ya Somalia kusini mwa Ras Hafun, nyambizi ya Kijerumani ilipanda mwamba karibu na Bandar Beyla. Ilikuwa ikipigwa mabomu na ndege tangu siku iliyotangulia, haikuweza tena kupiga mbizi na kujificha, na kamanda wake aliona heri kuikwamisha pwani kuliko kuzama nayo. Mabaharia walitega baruti ndani, wakashuka, na mlipuko ukaichana nyambizi bila kuimaliza. Kati ya watu 66 waliokuwemo, 59 walisalimika. Walikamatwa na askari wa kikosi cha ngamia cha Somaliland pamoja na mabaharia wa Kiingereza walioteremshwa pwani.

Nyambizi hiyo ni U-852. Herufi U ni kifupi cha neno la Kijerumani Unterseeboot, chombo cha chini ya maji. Ilifanya safari moja tu ya vita, ya miezi mitatu na nusu, na katika safari hiyo ilizamisha meli mbili. Kwa hesabu za vita vile hiyo ni kazi ndogo sana. Wapo makamanda wa Kijerumani waliozamisha meli zaidi ya 40, na leo majina yao yanajulikana na wapenzi wa historia tu. U-852 bado inatajwa na wanasheria kwa sababu ya mambo yaliyotendeka ndani ya saa chache za usiku mmoja, katikati ya Atlantiki.

Kisa hiki husimuliwa kwa mkato: kamanda katili aliamriwa na wakubwa wake awaue manusura, akatii, vita vilipokwisha akanyongwa. Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro. Hakunyongwa. Amri ya aina hiyo yeye mwenyewe alikana kuipokea, hata pale ambapo kuikiri kungeweza kumwokoa. Na sababu aliyoitoa mahakamani haikuwa chuki, ilikuwa hofu iliyopigiwa hesabu. Naona hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, kwa sababu chuki mtu anaweza kusema haimhusu, lakini hofu inayojipa hoja kila mtu anaijua.

Chombo kikubwa, kizito kuzama

U-852 iliundwa Bremen katika karakana za AG Weser. Mkuku wake ulilazwa 15 Aprili 1942, ikashushwa majini 28 Januari 1943, na 15 Juni mwaka huo ikakabidhiwa kwa jeshi la majini. Kamanda wake wa kwanza na wa mwisho alikuwa Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg, aliyehamia kwenye nyambizi kutoka meli za kufagia mabomu ya majini.

Ilikuwa ya aina iliyoitwa IXD2, yenye urefu wa karibu mita 88 na uzito wa tani 1,610 ikiwa juu ya maji. Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40 katika mwezi mmoja, nyingi huko Atlantiki ya Kaskazini, kwa sababu ndege za Washirika, rada na meli za ulinzi zilikuwa zimewashinda. Wakatazama bahari za mbali ambako ulinzi ulikuwa mwembamba. Wajapani waliwaruhusu kutumia bandari ya Penang huko Malaya, na Bahari ya Hindi ikawa uwanja wao mpya wa kuwinda. Kwa safari kama hiyo nyambizi za kawaida zilikuwa ndogo mno. IXD2 iliweza kwenda zaidi ya maili 23,000 za baharini bila kuongeza mafuta ikiwa katika mwendo wa wastani, umbali unaozidi mzunguko wa dunia.

Inafaa kueleza hapa jinsi nyambizi za wakati ule zilivyofanya kazi, maana wengi hudhani zilikaa chini ya maji kama samaki. Sivyo. Zilikuwa meli za juu ya maji zenye uwezo wa kujificha kwa muda. Juu ilitumia injini za dizeli, ambazo zilihitaji hewa, na kwa injini hizo U-852 iliweza kukimbia maili 19 za baharini kwa saa. Chini ilitegemea betri na haikufikia hata maili saba kwa saa, tena kwa muda mfupi, kisha ilibidi ipande juu kuzichaji. Hivyo sehemu kubwa ya safari, hasa usiku, ilikuwa wazi juu ya mawimbi. Ndege ikitokea ghafla, kupona kulitegemea sekunde za kuzama. Chombo kikubwa huchelewa kuzama.

Kabla Eck hajaondoka, alipewa maelezo na Adalbert Schnee, kamanda mwenye uzoefu aliyekuwa ofisi kuu. Maelezo hayo hayakuwa ya kutuliza moyo. Nyambizi nne za aina ile ile zilizotangulia, U-847 hadi U-850, zote zilikuwa zimezamishwa Atlantiki kati ya Agosti na Desemba 1943, na wauaji walikuwa ndege. Akaonywa kwamba mabaki ya meli yanayoelea huonekana kutoka angani kwa siku kadhaa, na kwamba rubani akiyaona anajua nyambizi iko karibu. Eck aliondoka Kiel 18 Januari 1944 akiwa na onyo hilo kichwani.

Ndani ya U-852 kulikuwa pia na kifaa cha ajabu, tiara la kubeba mtu lililoitwa Fa 330. Halikuwa na injini. Lilikuwa na mapanga kama ya helikopta yaliyozungushwa na upepo huku nyambizi ikilivuta kwa waya, na baharia aliyekaa juu yake aliona mbali kuliko yeyote aliyesimama kwenye mnara. Agosti 1943 nyambizi nyingine, U-177, ilitumia tiara kama hilo kuiona na kuizamisha meli ya Kigiriki Efthalia Mari upande wa Madagaska. Tatizo lake ni kwamba ndege ya adui ikitokea, aliye juu hana pa kwenda. Mwaka 1944 Waingereza walipata mfano wa kifaa hicho kutoka U-852 yenyewe.

Usiku wa Peleus

Peleus ilikuwa meli ya mizigo ya Kigiriki iliyokodiwa na serikali ya Uingereza. Iliondoka Freetown 8 Machi 1944 kuelekea Amerika Kusini, tupu, ikiwa na watu 35. Wengi walikuwa Wagiriki na Waingereza, wengine wa mataifa mbalimbali, kama ilivyokuwa kawaida ya meli za biashara wakati wa vita.

Jioni ya 13 Machi, kusini kidogo ya ikweta, topido mbili ziliipiga. Ilizama ndani ya dakika chache. Waliobahatika kuruka walishika vyelezo na vipande vya mbao vilivyokuwa vikielea gizani. U-852 ikawasogelea, na afisa wa tatu wa Peleus, Agis Kefalas, akaulizwa jina la meli, ilikotoka na ilikokuwa ikienda, kisha akarudishwa kwenye chelezo. Hadi hapo hapakuwa na jambo geni. Makamanda wengi walifanya hivyo, na wengine waliwaachia manusura maji au waliwaelekeza nchi kavu iliko.

Eck akasogea pembeni kidogo, akatafakari, akawaambia maofisa wake kwamba mabaki yote lazima yafutwe. Mhandisi mkuu, Hans Lenz, alipinga uso kwa uso. Eck akamjibu kwamba ameshaamua. Nyambizi ikarudi kwa wale watu. Kukafuata milio ya rashasha na maguruneti, mwanga wa taa ukitafuta vyelezo majini. Kazi hiyo iliendelea, kwa kukatizwa na kuanza upya, hadi baada ya usiku wa manane. Eck alitarajia vyelezo vitobolewe kwa risasi na kuzama. Havikuzama.

Baadaye wafanyakazi wa nyambizi walikaa kimya, wengi wakiwa wamevunjika moyo. Eck akazungumza nao kupitia kipaza sauti. Aliwaambia kwamba uamuzi huo ulikuwa mzito kwake pia, lakini huruma ikizidi wakumbuke wake zao na watoto wao wanaokufa kwa mabomu ya ndege nyumbani Ujerumani. Nitarudi kwenye maneno hayo, kwa sababu hayakuanzia kwake.

Watu wanne walikuwa bado hai kulipokucha: afisa mkuu Antonios Liossis, Kefalas, na mabaharia Dimitrios Argyros na Rocco Said. Liossis na Kefalas walikuwa na majeraha. Kefalas alifariki chelezoni baada ya siku 25. Watatu waliobaki waliokolewa 20 Aprili na meli ya Kireno, Alexandre Silva, baada ya zaidi ya wiki tano chini ya jua la ikweta. Meli hiyo ikawashusha Lobito, Angola.

Hesabu isiyotimia

Tuichukue hoja ya Eck kama alivyoitoa, bila kuitukana kwanza. Alisema hakulenga watu, alilenga vyelezo. Alijua watu watakufa, ila lengo lake lilikuwa kuondoa dalili ambayo ndege za Freetown au za kisiwa cha Ascension zingeiona. Kama angeacha dalili, wafanyakazi wake wangekufa kama wale wa nyambizi nne za mwanzo. Maisha ya watu wake zaidi ya 60 dhidi ya maisha ya waliokuwa majini.

Weka kando maadili kwa dakika moja utazame kazi yenyewe. Meli ya tani elfu kadhaa ikizama huacha mafuta juu ya maji, na mafuta hayazamishwi kwa risasi. Huacha pia mbao, mapipa, kamba na vifuniko vya ngama vilivyotawanyika eneo kubwa. Hakuna bunduki inayoweza kuvimaliza gizani. Zaidi ya hapo, Eck alikaa mahali pale karibu saa tano. Kwa mwendo wake wa juu, saa tano zingemfikisha zaidi ya maili 90 kutoka pale, na bado angekuwa na saa kadhaa za giza mbele yake. Kama kilichomtisha ni ndege za asubuhi, dawa ilikuwa injini zake za dizeli. Aliyefanya hesabu hiyo mahakamani alikuwa mshauri wa sheria wa mahakama, Melford Stevenson, na sijaona aliyeijibu vizuri.

Schnee mwenyewe, aliyeitwa na upande wa utetezi kueleza hatari ambazo Eck alikabiliana nazo, alipobanwa na mwendesha mashtaka alikiri kwamba yeye asingefanya vile. Maelezo pekee aliyoweza kuyatoa ni kwamba Eck alishindwa kujizuia, mishipa ilimlegea. Kutoka kwa shahidi wa kumtetea, maneno hayo yaliumiza kuliko ya adui.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Eck hakuwa na lazima ya kivita iliyogongana na ubinadamu. Alikuwa na hofu ya kweli, yenye sababu za kweli, na akaipa umbo la mpango. Mpango ulipoonekana haufanyi kazi, vyelezo vikiwa bado vinaelea baada ya risasi za kwanza, aliendelea badala ya kuacha.

Kutoka Rasi hadi Pembe ya Afrika

U-852 ikaendelea kusini. Tarehe 1 Aprili, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, ilizamisha meli ya Kiingereza Dahomian. Safari hii haikugusa manusura. Wawili walikufa, 49 wakaokolewa. Mahali pale palikuwa karibu mno na nchi kavu kwa mtu kukawia. Kisha ikazunguka rasi, ikaingia Bahari ya Hindi, ikapanda kaskazini hadi maji ya Pembe ya Afrika, zinakopita meli za kutoka na kwenda Aden.

Bahari hiyo haikuwa mbali na watu wetu wakati ule. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili 1942, meli kubwa za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na kwa muda Mombasa ikawa ngome yao. Septemba 1943, Port Reitz, pembeni mwa Mombasa, kikosi cha ndege namba 621 cha jeshi la anga la Uingereza kilianzishwa na kupewa ndege za doria aina ya Wellington. Kilitumwa Mogadishu, halafu Aden. Kikosi hicho kilichozaliwa Mombasa ndicho kilichoikuta U-852 tarehe 2 Mei 1944, ikiwa juu ya maji, na kuiangushia mabomu ya kulipukia majini. Ndege za kikosi namba 8 zikaungana nacho. Wajerumani saba walikufa. Ndege, kitu ambacho Eck aliua watu kwa kukihofia, ndicho kilichommaliza, maelfu ya maili kutoka mahali alipotaka kufuta nyayo zake.

Upo msiba mwingine ambao msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuuacha akiwa amefika hapa. Mwezi mmoja kabla ya Peleus, tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail, meli ya abiria iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi wanawake na mabaharia. Walikufa watu 1,297. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu, na walionusurika walipokuwa wakielea, nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari za Kiingereza Petard na Paladin ziliishambulia kwa mabomu ya majini huku watu wakiwa bado ndani ya maji yale yale.

Wapo wanaouliza kama hilo si sawa na alilofanya Eck. Maumivu ya aliyekuwa majini ni yale yale, na familia nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipoteza vijana siku ile. Lakini kisheria matendo haya mawili yako mbali. Chini ya Khedive Ismail kulikuwa na adui mwenye topido ambaye angeweza kuzipiga meli nyingine za msafara, na mabomu yalimlenga yeye. Chini ya vyelezo vya Peleus hapakuwa na chochote. Waliokuwa juu yake walikuwa wenyewe ndio shabaha.

Hamburg

Waingereza waliijuaje habari ya usiku ule? Kwa njia tatu zilizokutana. Liossis na wenzake walieleza kilichowapata mara tu walipofika nchi kavu. Mabaharia 59 waliotekwa Somalia walihojiwa, na wapo waliosema. Na kwenye mabaki ya nyambizi, baruti ilikuwa haijamaliza kazi: batli, yaani daftari la safari la chombo, ilipatikana, ikionyesha ni nyambizi gani iliyokuwa mahali pale siku ile.

Kesi ilisikilizwa Hamburg kuanzia 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza iliyokuwa na maofisa wa Kigiriki pia, kwa kuwa meli ilikuwa yao. Washtakiwa walikuwa watano: Eck, afisa wa zamu August Hoffmann, daktari wa chombo Walter Weisspfennig, mhandisi mkuu Lenz, na baharia wa cheo cha chini, Wolfgang Schwender. Manusura watatu hawakuwepo, ushahidi wao ulisomwa kutoka hati za kiapo. Waliosimama na kusema ana kwa ana walikuwa Wajerumani wenzao, wafanyakazi watano wa U-852.

Kwa Eck hoja ilikuwa ile ya lazima ya kivita, na mahakama iliikataa kama tulivyoona. Kwa wale wanne hoja ilikuwa nyingine: tuliamriwa. Fundo gumu kuliko yote liko hapo.

Jeshi haliwezi kuwepo kama kila askari anasubiri kuridhika kabla ya kutii. Kwa sababu hiyo mwongozo wa sheria za kijeshi wa Waingereza wenyewe, kwa miaka mingi, ulisema askari anayetii amri ya mkubwa wake hahesabiwi kuwa mhalifu wa kivita. Ulibadilishwa Aprili 1944, mwezi mmoja baada ya Peleus. Upande wa utetezi ulikuwa na haki ya kuuliza: mnatuhukumu kwa kanuni mliyoiandika baada ya tendo?

Jibu lilitoka Ujerumani kwenyewe. Juni 1918 nyambizi U-86 ilizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, kisha ikapiga mizinga mashua za waliookoka. Watu 234 walikufa, 24 wakapona. Mwaka 1921 mahakama kuu ya Wajerumani huko Leipzig iliwahukumu maofisa wawili wa chini, Dithmar na Boldt, kifungo cha miaka minne kila mmoja, ingawa amri ilitoka kwa kamanda wao, Helmut Patzig, ambaye hakufikishwa mahakamani. Majaji wa Leipzig walisema amri haimkingi anayeitii pale ambapo uharamu wake ni wa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo kanuni haikuwa mpya, na haikuwa ya washindi. Washauri wa sheria wa Hamburg waliikumbusha mahakama jambo hilo. Askari hatakiwi kutembea na vitabu vya sheria mfukoni, lakini hahitaji kitabu ili ajue kwamba mtu aliyeshika kipande cha ubao baharini hapigwi rashasha.

Makosa ya hao wanne hayakulingana, na hukumu ilijaribu kuyapima. Hoffmann alifyatua risasi na kurusha maguruneti. Weisspfennig alikuwa daktari, mtu ambaye hakupaswa kushika silaha dhidi ya yeyote isipokuwa kujilinda yeye na wagonjwa wake, na alishika rashasha. Hao wawili pamoja na Eck walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi 30 Novemba 1945. Eck alikuwa na umri wa miaka 29.

Lenz ndiye anayenisumbua. Alipinga amri waziwazi, jambo lililohitaji ujasiri. Halafu, akiwa juu ya sitaha, alimwona Schwender akijiandaa kufyatua, akamnyang'anya bunduki, akafyatua yeye. Alieleza kwamba hakuvumilia kuona afisa wa Peleus akiuawa kwa mkono wa mtu wa aina ya Schwender, baharia aliyemdharau. Nimejaribu kuielewa sababu hiyo na siwezi. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Schwender, aliyefyatua kwa amri, cheo chake kikiwa cha chini kabisa kati ya watano, alipata miaka 15.

Je, ilikuwa amri ya Dönitz?

Swali hili lilihamia Nuremberg, kwenye kesi ya viongozi wakuu wa Ujerumani, ambako mkuu wa nyambizi, Karl Dönitz, alikuwa akishtakiwa. Waendesha mashtaka walitaka kuonyesha kwamba Peleus haikuwa kisa cha mtu mmoja.

Msingi wao ulikuwa amri ya 17 Septemba 1942. Siku tano kabla yake, U-156 ya Werner Hartenstein ilikuwa imezamisha meli ya Laconia, kaskazini mashariki mwa Ascension, ikakuta ndani yake wafungwa wa Kiitaliano karibu 1,800 pamoja na wanawake na watoto. Hartenstein alianza kuokoa, akatangaza kwa redio kwamba hatashambulia wanaokuja kusaidia, akatandaza bendera ya msalaba mwekundu. Ndege ya Marekani kutoka Ascension ikamshambulia manusura wakiwa kwenye sitaha yake na mashua zikiwa zimefungwa nyuma. Dönitz akakataza uokoaji wa aina yoyote. Amri ikamalizia kwa kuwataka makamanda wawe wagumu na kuwakumbusha kwamba adui hawajali wanawake na watoto anapopiga mabomu miji ya Ujerumani.

Msomaji ameshatambua. Ni hoja ile ile ambayo Eck aliitumia kwenye kipaza sauti, mwaka mmoja na nusu baadaye. Amri haikusema waue. Ilisema msiokoe, na itifaki ya London ya 1936, ambayo Ujerumani iliikubali, iliitaka nyambizi kuhakikisha watu wa meli ya biashara wako mahali salama kabla ya kuizamisha. Lakini maneno yake yalikuwa na mlango uliofunguka nusu. Karl-Heinz Moehle, aliyekuwa akiwapa maelezo makamanda waliotoka Kiel, alikiri kwamba walipouliza maana yake aliwajibu kwa mifano iliyoelekea kwenye kuua, akiwaachia dhamiri zao. Yeye alifungwa miaka mitano.

Eck aliulizwa jambo hilo mahakamani, na akaulizwa tena Novemba 1945 akiwa ameshahukumiwa. Majibu yake hayakubadilika: hakuagizwa, aliamua mwenyewe. Mahakama ya Nuremberg iliona haikuthibitika kwa hakika kwamba Dönitz aliamuru manusura wauawe, ila ikasema amri zake zilikuwa na utata na zinastahili lawama kali kabisa. Alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine.

Ukweli unadai kusema pia kwamba waliofanya mambo kama hayo upande wa pili hawakushtakiwa. Mwaka 1941 nyambizi ya Kiingereza Torbay, ikiongozwa na Anthony Miers, iliwapiga risasi askari wa Kijerumani waliokuwa kwenye vyelezo karibu na Krete. Januari 1943 nyambizi ya Marekani Wahoo, chini ya Dudley Morton, ilizipiga mashua za manusura wa meli ya Kijapani Buyo Maru, na majini walikuwemo wafungwa Wahindi waliokuwa upande wa Washirika. Miers alipewa nishani ya Victoria Cross kwa kazi nyingine mwaka uliofuata. Hayo hayaifanyi hukumu ya Eck kuwa batili. Yanaonyesha kwamba kesi nyingine hazikufunguliwa, na waliokufa Krete na kwenye mashua za Buyo Maru hawakupata hata siku nne za mahakama kama walizopata watu wa Peleus.

Vifungo navyo havikutimizwa. Schwender aliachiwa Desemba 1951, Lenz Agosti 1952.